Mshale Uliokataa Kushuka

Gazeti lilifika Voi likiwa limechakaa kama kawaida yake, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kusomwa na kila behewa tangu Nairobi. Hata hivyo siku hiyo lilibakiwa na habari moja mbichi, ya kutosha kuwagombanisha watu wazima. Ukurasa wa mbele ulisema nchi nzima ni shwari. Huo hakuna aliyeushughulikia. Timotheo, karani wa stoo ya mkonge, alikwenda moja kwa moja ukurasa wa ndani, akakohoa, akanyoosha mkono kuomba watu wanyamaze. Walimwita Spika, maana tangu ajue kusoma hajawahi kusoma neno kimyakimya.

"Sikilizeni nyinyi! Kumetokea mafuta mapya ya injini huko Ulaya. Asubuhi kukiwa baridi, inakuwa nyepesi. Jua likiwaka, inabaki nzito. Yenyewe! Bila kuambiwa!"

"Bila kuambiwa na nani?" aliuliza mzee Obadiah, ambaye wao walimwita Stimu.

"Na mtu yeyote, mzee. Hiyo mafuta inajijua."

"Mimi nina watoto wamemaliza skuli na bado hawajijui, sembuse mafuta ya kwenye mkebe!"

Kijiwe chenyewe kilikuwa nyuma ya stesheni: mataruma mawili ya chuma, ya reli ya zamani, yaliyolazwa juu ya mawe kando ya ukuta wa duka. Upande mmoja ulipata kivuli cha ukuta. Upande wa pili ulipigwa na jua la Voi mpaka chuma kingeweza kukaanga yai. Sheria ya hapo ilikuwa kwamba mwenye shida hukaa upande wa jua, kwa sababu mwenye shida hata hivyo huwa hatulii.

Upande wa jua siku hiyo alikaa Musyimi, dereva, akihamisha makalio kila mara na kikombe cha kahawa kimepoa mkononi.

"Rudia hapo kwa jua likiwaka," alisema. "Inabaki nzito kweli?"

"Imeandikwa!" Spika alipiga gazeti kofi. "Na inauzwa London."

"London," Musyimi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa dawa yake iko mbinguni.

Mkamburi, muuza ndizi kutoka Wundanyi, aliweka kikapu chini. Alipewa jina la Hakimu, si kwa sababu alikuwa na haki sana, bali kwa sababu akishasema hakuna aliyekata rufaa.

"Mshale, leo una nini wewe? Umekaa kama kuku aliyeona kisu."

Mshale ndilo jina walilompa Musyimi tangu aanze kuendesha lile gari. Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, la viti viwili, fupi hata mbuzi walilitazama kutoka juu. Lilikuwa mali ya meneja wa shamba la mkonge kule njia ya Mwatate, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Makelele, kwa kuwa alisikika kabla hajaonekana, awe ndani ya gari au nje. Mbele ya usukani palikuwa na saa ndogo ya kuonyesha presha ya mafuta ya injini, na ndani ya ile saa mshale mwembamba mweupe. Musyimi aliutazama mshale huo kuliko alivyotazama barabara.

"Ni ule mshale," alisema. "Asubuhi nikiwasha, uko juu, safi. Nikifika Mwatate na jua hili, unaanguka chini ya nusu. Nimetia mafuta namba thelathini, ukaanguka. Nikatia arobaini, ukaanguka. Hamsini pia, nzito kuliko zote, ukaanguka polepole kwa heshima, lakini ukaanguka."

"Na Bwana Makelele anasemaje?"

"Aliuona siku ile anaenda Mombasa. Akagonga kioo na kidole hivi, akaniangalia. Akasema anarudi leo na treni, anataka kushindana na yule rafiki yake wa ranchi ya Ndara, mpaka Mwatate na kurudi. Akikuta mshale umelala, mimi narudi kukata mkonge."

Kukata mkonge wote walikujua.

"Kwa nyapara nani?" aliuliza Spika.

"Kitheka."

"Huyu Kitheka unayempitia kila siku ukimfunika na vumbi?"

"Huyo huyo."

"Na unapiga honi?"

"Nilikuwa napiga," Musyimi alisema, akiinama. Siku zote aliona honi ile ni utani. Sasa kila pipiii aliyompigia Kitheka ilimrudia masikioni kama deni, na aliogopa, aliogopa kabisa.

Athumani, muuza kahawa, mtu wa Vanga, alimnyang'anya kikombe kilichopoa akamjazia cha moto kutoka kwenye mdila wake wa shaba. Mdila ndilo lilikuwa jina lake pia.

"Mwanangu, hebu nikuulize. Adhuhuri, jua likiwa utosini, wewe husimama wima?"

"Hapana."

"Hata huyu Stimu, na majivuno yake yote, husimama?"

"Mimi husimama," Obadiah alisema, akiwa ameegemea ukuta.

"Basi mafuta nayo ni vivyo hivyo. Yakipata moto hulegea, na mshale hulegea nayo. Injini haina maradhi. Wallahi, imechoka kwa joto tu, ikipoa itakuwa nzima."

"Hata mafuta yangu ya nazi," Hakimu alidakia. "Nikipanda nayo Wundanyi, asubuhi imeganda mpaka natoa na kijiko. Nikishuka hapa ni maji. Chupa ni moja, mafuta ni hiyo hiyo. Nani amemfuta kazi nani?"

Musyimi aliinua kichwa. Moyoni alihisi kwamba hapo pana ukweli, kwa sababu injini yenyewe hajawahi kuisikia ikilalamika. Hata mshale ukiwa umelala, iliimba vizuri.

"Sasa nani atamwambia Bwana Makelele kwamba gari yake ni kama mafuta ya nazi?"

"Nyinyi mnaongea mambo ya jikoni," Obadiah alisema, na sasa alijitoa ukutani, jambo lililomaanisha hotuba. Alikuwa faimani, mchochea moto wa treni ya Taveta, kwa sehemu kubwa ya umri wake. Reli ilikuwa imemstaafisha, lakini yeye hakuwa ameistaafisha reli. Jambo lolote la dunia, iwe ndoa kuvunjika au mvua kuchelewa, alilieleza kwa mvuke, ndiyo maana akaitwa Stimu.

"Nimekaa mbele ya geji kubwa kuliko kichwa cha Spika. Presha ikishuka kwa treni, hamjui kinatokea nini? Treni inasimama katikati ya ndovu! Dereva haniulizi kama kuna joto, haniulizi mambo ya nazi. Ananiambia, Obadiah, pandisha! Na mimi napandisha. Mshale hauombwi, kijana, mshale unapandishwa."

"Nipandishe na nini, mzee? Nimemaliza namba zote."

"Umemaliza namba za gari. Hujagusa za treni."

Akainama akatazama kushoto na kulia, ingawa kila mtu pale alikuwa akimtazama.

"Nina mkebe nyumbani. Mafuta ya silinda ya treni. Nyeusi, nzito, ukigeuza mkebe inafikiri kwanza kabla ya kutoka. Nilipewa siku ya kustaafu."

"Ulipewa?" aliuliza Hakimu.

"Tuliondoka pamoja."

"Stimu, hiyo ni mafuta ya lidude linalovuta mabehewa," alisema Spika. "Hii gari hata mbuzi anaiona fupi."

"Ndiyo maana itafurahi! Ni kama kumlisha mtoto chakula cha wanaume."

"Mtoto huyo hufa," Mdila alisema taratibu, lakini Stimu alikwisha kuondoka, akitembea kwa mwendo ambao reli haikuuona katika miaka yake ya mwisho kazini.

Musyimi angeweza kukataa. Alijiambia hivyo baadaye, na alijiambia hivyo hata wakati ule, akiwa amelala chali chini ya gari akifungua nati ya sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, na mafuta mazuri ya namba hamsini yakitiririka ndani ya karai la Hakimu. Lakini kila alipotaka kukataa alimwona Kitheka akinoa panga la mkonge na kutabasamu.

Mafuta ya treni yaliingia kwa hatua za bibi harusi. Mdila aligawa kahawa, watu wakanywa, akagawa tena, na uzi mweusi bado ulikuwa haujakatika kwenye mdomo wa mkebe.

"Hiyo inashuka au imeota mizizi?" aliuliza Hakimu.

"Heshima," alisema Stimu. "Kitu cha heshima hakikimbii."

Injini ilikataa kuzunguka. Musyimi alizungusha hendeli mpaka bega likamlia. Ikabidi Spika na Stimu wasukume, gazeti likiwa limeshikwa kwa meno, mpaka gari likapiga chafya, likatoa moshi, likawaka. Na mshale, lo! Uliruka kutoka sifuri ukapita nusu, ukapita namba ya mwisho, ukagonga kile kijipini cha mwisho wa saa kwa mlio mdogo, tik.

"Umeuona?" Stimu alirukaruka na umri wake wote. "Umeuona? Mambo ya jikoni iko wapi sasa?"

"Presha ya meli hiyo!" Spika alipaza sauti. "Andika historia, Voi imeshinda London!"

Musyimi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alimwona Kitheka akirudi nyuma, nyuma, na panga lake, mpaka akapotea kwenye vumbi. Kisha akaacha kucheka. Alikuwa amesikia kitu.

"Nyamazeni kidogo."

Huko juu ya injini palikuwa na mlio mkavu, kakakaka, kama mtu anayebambua njugu kwa haraka. Mshale ulisema mafuta yamejaa mpaka pomoni. Mlio ulisema hakuna hata tone lililofika juu, kwamba uzito wote umekwama chini na vyuma vinakula vyuma. Musyimi alizima palepale.

"Unazima nini na mambo yamekuwa mazuri?" Stimu alilalamika.

"Njugu hizo sizipendi."

Wote wakainama kutazama ile saa. Mshale ulikuwa palepale juu.

"Zima, basi," alisema Spika.

"Nimezima."

"Mbona presha iko juu?"

"Nimezima, Spika. Ufunguo huu hapa mkononi."

Ndege mmoja alilia juu ya paa la stesheni. Gari lilikuwa limelala kabisa, na presha yake ilikuwa ya kuvuta mabehewa mpaka Taveta.

"Hiyo ni kawaida," Stimu alisema hatimaye. "Treni ukizima, boila haipoi mara moja. Presha inabaki."

"Hili lina boila?" aliuliza Mdila.

Stimu alilizunguka gari lote akitafuta.

"Imevunjika shingo," Hakimu alihukumu. "Hiyo mafuta imepiga saa ngumi, sasa inaangalia juu tu. Spika, ukurasa wa mbele ulisema nini vile?"

"Kwamba nchi nzima ni shwari."

"Basi na huu mshale umeandikwa na mtu huyo huyo."

"Lakini si ndivyo anavyotaka Bwana Makelele?" Spika alisema, macho yakimng'aa. "Alisema mshale usilale. Haujalala! Achia hapo hapo. Kazi yako imepona."

"Na injini?"

"Injini aliisema?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Musyimi alilichukia. Bwana hakuisema injini. Alisema mshale. Akiyaacha mafuta haya, Bwana ataondoka amefurahi, na kabla ya Mwatate zile njugu zitakuwa zimekwisha kubambuliwa zote. Lakini lile gari alikuwa ameliosha, amelifunika usiku kwa blanketi lake mwenyewe, alijua kila mlio wake. Hakuweza. Afadhali Kitheka.

"Leteni karai," alisema, akaingia tena chini ya gari.

Aliyatoa mafuta ya treni, nayo yalitoka kwa uvivu uleule, akaisafisha injini kwa mafuta mepesi, akaumwaga uchafu, akarudisha namba hamsini yake. Alipowasha, injini iliguna mara moja kisha ikaimba ile sauti yake nzuri ya zamani. Machozi nusura yamtoke tena. Akainama kuutazama mshale, akitumaini umerudi kusema kweli, na papo hapo akiomba usirudi.

Ulikuwa juu. Akagonga kioo, akagonga ubao, Stimu naye akagonga kwa kiatu. Juu.

Treni ikapiga king'ora, naye akazima injini; mshale ukabaki juu.

"Nitamwambia," Musyimi alisema. "Nitamwambia yote."

"Mwambie," alisema Mdila. "Nasi tutakuletea kahawa kwenye mkonge."

Bwana Makelele alishuka amevaa kaptula na uso mwekundu, akipiga kelele tangu kwenye ngazi ya behewa. Rafiki yake wa Ndara, mwenye ndevu, alikuwa akimngoja na gari lake la kijani, dogo vilevile. Bwana hakusalimia mtu. Alikwenda kwenye gari lake, akaingiza kichwa, akaitazama ile saa.

Musyimi alivua kofia.

"Bwana, nataka kusema. Gari bado haijawashwa."

"Nini?"

"Injini imezimwa, bwana. Na mshale iko juu."

Bwana Makelele aliangalia saa, akaangalia ufunguo mkononi mwa Musyimi, akaangalia saa tena. Uso wake ulifunguka polepole kama mlango wa stoo.

"Hata hapana washa!" alinguruma. "Hata hapana washa, na presha kamili! Musyimi, wewe iko fundi kabisa! Kuja hapa, angalia hii!" Akamvuta rafiki yake mkono. "Lala, na presha iko juu! Yako nafanya hivi?"

Mwenye ndevu alitazama kwa muda mrefu, akageukia lake. Lake halikufanya hivyo.

Kijiweni, Spika alijiziba mdomo kwa gazeti. Musyimi alifungua kinywa kujaribu mara ya pili, lakini Bwana alikwisha kumpokonya ufunguo, na magari mawili yakaondoka kwa mlipuko, vumbi jekundu likafunika mdila, ndizi na wenyewe.

Walingoja. Musyimi alikaa upande wa jua bila kuhama hata mara moja. Alikuwa akisikiliza njia ya Mwatate kwa mwili wake wote.

"Ikirudi inavutwa na trekta?" aliuliza Spika.

"Nyamaza," alisema Hakimu.

Ilirudi yenyewe. Sauti ilitangulia, ile ile nzuri, kisha wekundu, kisha Bwana Makelele akiwa peke yake, akicheka na meno yamejaa vumbi. Lile la kijani lilikuja nyuma sana, likitembea kwa adabu kama linaenda kanisani. Mwenye ndevu alikuwa ameuona mshale wake ukishuka chini ya nusu pale penye mlima, akaogopa, akaondoa mguu. Bwana Makelele hakuogopa kitu. Kwa nini aogope? Mshale wake haukutikisika toka Voi mpaka Mwatate na kurudi.

"Juu!" alipiga kelele. "Mlima, jua, juu! Musyimi! Kutoka leo wewe iko mkubwa ya mashini yote ya shamba. Lori, trekta, yote. Kitheka tabeba mafuta yako. Mimi nataka mshale yote juu, namna hii. Juma hii hii!"

"Na yangu," alisema mwenye ndevu, akiwa mnyonge. "Na ya bwana mkubwa wa wilaya. Yake naanguka pia."

Wale mabwana wawili wakaenda kunywa. Hapo ndipo Musyimi alipoelewa cheo alichopewa. Kazi yake ingedumu mradi tu kila saa ya mafuta katika nchi yote ya Taita iwe inasema uongo.

"Mzee Stimu," alisema. "Mkebe umebaki na kiasi gani?"

"Ya kutosha!" Stimu alisimama wima, juani, kweli kabisa. "Na nikikosa, najua shedi ilipo."

"Kaa chini," alisema Hakimu. "Ya nini kutesa injini za watu, mpaka ikohoe njugu? Ninyi wanaume, mkipewa kuziba tundu mnabomoa ukuta. Fungueni kioo, inueni mshale na kijiti, mpake ulimbo ule wa kunasia ndege. Utashika mpaka Yesu arudi."

Stimu aliguna tu kwamba kwenye reli ulimbo haukuwahi kutumika, lakini aliguna kwa sauti ya chini.

Mdila ndiye aliyebaki na wasiwasi. Alikuwa akiosha vikombe.

"Na siku mafuta yatakapokwisha kweli, mwanangu? Mshale utakuwa juu, nani atajua?"

Musyimi alichukua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaenda kulifunika gari. Boneti ilikuwa bado ya moto. Aliiwekea kiganja juu, akatega sikio jinsi chuma kilivyokuwa kikipoa, tik, tik, tik.

"Wao watazame," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Spika akakunja gazeti, Hakimu akajitwika kikapu, na Stimu akaenda zake kwenye miti ya nyuma ya stesheni kuulizia ulimbo.